Herufi Nne

Shangazi yangu alikuwa na miaka sitini na mmoja alipojiandikisha chuo. Mimi nilicheka, tena mbele yake, na nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu katika habari hii nitawasema wengine vibaya na si haki nijipitishe kando.

Chuo chenyewe kilikuwa ndani ya kompyuta. Somo liliitwa Historia ya Kanda na Dunia ya Kisasa: wiki kumi na nne, mihadhara ya video, jaribio dogo kila Ijumaa, insha mbili, na cheti mwishoni. Kompyuta ilikuwa yangu, ile kuukuu niliyoiondoa kwenye duka langu la fotokopi baada ya herufi za kibodi kufutika zote. Nilimwambia, "Shangazi, hii utaiandikia vipi? Haina alifu wala bee." Akanijibu kwamba vidole vyake havijawahi kuhitaji kuziona. Na kweli. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ardhi tangu akiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu hadi siku aliyostaafu. Kule ofisini walimwita Kengele. Taipureta za zamani zilikuwa na kengele ndogo iliyolia mstari ulipokaribia kwisha, ili mpiga chapa ajue amebakiwa na nafasi chache, na kengele ya shangazi ilikuwa hailali.

Tulikuwa watatu nyumbani. Nyumba ni ya baba, ambaye ni kaka yake mkubwa. Shangazi alikuja kukaa nasi alipofiwa na mumewe, na mimi nilirudi baada ya ndoa kunishinda. Mama alikwisha kufariki. Kwa hiyo jioni tulikuwa tukitazamana sisi kwa sisi, na kompyuta ile ilipowekwa mezani sebuleni ilikuwa kama tumepata mgeni.

Mtu pekee ambaye hakucheka ni baba. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na gazeti alikuwa akilishika kwa mazoea tu. Lakini aliposikia neno historia alikaa wima.

"Mdogo wangu, humo ndani watakuwa wameandika habari za Mtaa wa Chini?"

"Sijui, kaka."

"Basi tafuta. Wewe ndiye uliyesoma."

Hapo lazima niueleze Mtaa wa Chini, ingawa mimi nimeusikia mpaka masikio yameota sugu. Miaka thelathini na minane iliyopita, asubuhi ya siku ya kazi, tingatinga mbili na lori la askari viliingia katika mtaa walikozaliwa baba na shangazi. Palitakiwa kujengwa maghala. Watu walipewa mpaka saa sita mchana. Babu yangu alikuwa fundi seremala, na meza yake ya kazi aliiunda mwenyewe humo humo ndani ya karakana, pana kuliko mlango, kwa kuwa hakuwahi kufikiri kwamba siku moja italazimika kutoka. Baba na vijana wenzake waliisukuma, wakailaza ubavu, wakataka kuikata miguu. Babu akakataa isikatwe. Ukuta uliiangukia pale pale mlangoni ikiwa imekwama.

Hayo si yote. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa kwamba mtu akihamishwa anapewa kiwanja kingine. Mtu akihama hapewi kitu, kwa kuwa amekwenda kwa miguu yake. Babu alikwenda ofisi ya ardhi mara tatu kuomba kiwanja, na mara zote tatu karani wa kaunta alifungua faili na kumwambia, "Mzee, hapa inaonyesha mlihama." Babu alifia katika chumba cha kupanga, na randa yake juu ya kabati.

Ndiyo maana kwetu neno kuhama halisemwi ovyo. Ukimwambia baba "wakati ule mlipohama" anakukata kauli: "Hatukuhama. Tulihamishwa." Hata nilipokuwa mdogo nikija na insha ya shule yenye neno hilo, aliniuliza kwanza nani kahama na nani kahamishwa.

Nje ya nyumba hakuna aliyemwamini sana. Pale kwa kinyozi wanakokaa wazee wenzake palikuwa na karani mstaafu wa mahakama waliyemwita Bwana Karatasi. Baba akianza tu habari za tingatinga, Bwana Karatasi anavua miwani, anaifuta, anauliza, "Una karatasi?" Baba hana. "Basi hayo ni maneno. Mimi nimefanya kazi mahakamani miaka thelathini, maneno nayajua." Wazee wanacheka, kinyozi anapunguza sauti ya redio ili asikie vizuri, na baba anarudi nyumbani mdomo umemvimba. Mambo haya yalikwenda hivyo mwaka baada ya mwaka. Alichotaka baba katika uzee wake hakikuwa kiwanja tena. Alitaka karatasi moja, iliyoandikwa na watu wasiomjua, inayosema walihamishwa, akaiweke juu ya meza ya kinyozi.

Basi masomo yakaanza. Mhadhiri alikuwa kijana mwenye miwani minene, akionekana kuanzia kifuani kwenda juu, na rafu ya vitabu nyuma yake. Baba, ambaye alimwona kama kivuli, alimwita Bwana Kifua. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana shangazi aliketi mbele ya kompyuta na kumsomea baba somo la wiki, naye baba akisikiliza ameshika tama. Lilikuwa somo la mbio. Wiki ya kwanza watu wamo mapangoni, wiki ya tatu wana falme, wiki ya tano wametawaliwa, wiki ya saba tayari wana bendera na wanadaiana kura. Baba aliuliza, "Huyu Bwana Kifua anafukuzwa na nani?" Shangazi alicheka mpaka akavua miwani.

Sijawahi kumwona shangazi akiwa na furaha kama wiki zile. Alinunua daftari la mistari. Alichora uso wa saa, na kila karne akaipa mshale wake. Wiki ya sita mhadhiri alifundisha namna ya kusoma nyaraka, akasema kila waraka una mwandishi na kila mwandishi ana bosi, na shangazi aliiandika sentensi hiyo akaipigia mstari mara mbili. Alipata alama zote katika jaribio la wiki hiyo. Mimi nikaacha kucheka na kuanza kumletea karatasi safi kutoka dukani.

Wiki ya tisa ilikuwa Ukuaji wa Miji. Jumamosi hiyo sikuwa na wateja, nikarudi mapema, nikasimama nyuma ya kiti cha shangazi na sahani yangu mkononi. Alikuwa akisoma polepole. Mara nikasikia mji wetu ukitajwa. Baba alishusha mkono wake shavuni.

"'Wakazi wa maeneo ya bondeni,'" shangazi alisoma, "'walihamishwa ili kupisha ujenzi wa maghala.'"

"Rudia," alisema baba.

"'Walihamishwa.'"

Baba alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Baba yangu si mtu wa kulia, na hata siku ile sidhani kama alilia. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Baba, umesikia?" Alikuwa akizungumza na babu.

Mimi nilikuwa natazama kioo cha kompyuta. Palikuwa pameandikwa walihama.

Nilidhani macho yangu yana matatizo kama ya baba. Nikainama. Walihama ili kupisha ujenzi wa maghala, na mwisho wa sentensi namba ndogo, 41. Shangazi alihisi nimeinama, akaifunga kompyuta taratibu, akasema chai imepoa.

Nilimfuata chumbani kwake. Nilikuwa na hasira ya kitoto, ile ya kumkuta mtu mzima anadanganya.

"Shangazi, mbona umemsomea kitu ambacho hakipo?"

"Kipo. Kilikuwepo."

"Pameandikwa walihama."

"Najua palivyoandikwa, mwanangu. Kaa."

Alifungua kompyuta juu ya kitanda, akabonyeza ile namba 41, na tanbihi ikatokea chini ya ukurasa: barua ya ofisi ya ardhi, tarehe, na kumbukumbu namba. Mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua kumbukumbu namba ya barua za zamani ilivyokuwa. Kwanza namba ya faili, kisha herufi kubwa za jina la bosi aliyetoa barua, kisha alama ya mkwaju, kisha herufi mbili ndogo za jina la aliyeipiga chapa. Bwana Kifua, kwa bidii yake ya kitaaluma, alikuwa amenakili yote bila kuacha hata nukta.

Shangazi aliweka kidole kwenye zile herufi mbili ndogo. "Huyu ni mimi," alisema.

Nikaketi.

Alinieleza bila kunitazama. Tingatinga zilikuja Alhamisi. Jumatatu yeye alikuwa ofisini saa moja na nusu, akitokea kwenye darasa la shule ya msingi walikolala na familia nzima, kwa sababu alikuwa na miezi mitatu tu kazini na bado hajathibitishwa. Bosi wao alimletea rasimu ya taarifa ya kwenda juu, kwa mwandiko wake mwenyewe. Rasimu ilisema wakazi wote wamehamishwa. Bosi huyo alikuwa na mambo mawili asiyoyataka katika barua: neno lililokatwa katikati mwisho wa mstari, na mstari mfupi unaoacha pengo upande wa kulia. Msichana aliyekuwa na kiti kile kabla ya shangazi alimwaga unga kwa sababu ya mapengo.

"Kengele ikalia nikiwa nimebakiwa na nafasi nane," alisema shangazi. "Wamehamishwa ni herufi kumi na mbili. Wamehama ni nane. Hesabu mwenyewe."

Nilihesabu kwa vidole. Zilikuwa nane.

"Nikapiga nane. Mkono ulipiga wenyewe, mama. Nilikuwa sijalala siku nne. Nikajiambia si ni yale yale, si watu wameondoka? Chini palikuwa na nakala tano za kaboni. Ukikosea unafuta mara sita. Bosi akasoma, akarudia kusoma pale, nikajua nimekwisha. Halafu akacheka. Akasema, 'Kengele, hapa umeniandikia vizuri kuliko mimi.' Mwezi uliofuata nikathibitishwa kazini."

"Hukurudi kumwambia?"

"Nilirudi. Nilirudi baada ya baba kuja mara ya kwanza. Akaniambia, 'Barua imeshafika juu. Unataka nikawaambie wakubwa mpiga chapa wangu hajui kuandika?' Nikasema hapana."

Chumba cha wapiga chapa kilikuwa nyuma tu ya kaunta, alisema, ukuta wenyewe wa mbao. Babu alikuwa na kikohozi cha vumbi la msumeno ambacho mtu angekitambua sokoni. Mara zote tatu shangazi alimsikia. Mara zote tatu aliendelea kupiga chapa, maana mashine ikinyamaza bosi huuliza kuna nini.

Mimi sikujua nimpe pole au nimwache. Nilimuuliza sasa alijiandikisha chuo cha nini, kama siyo kujitafutia maudhi. Akafikiri. Alisema miaka yote hiyo alitumaini kwamba kuna mtu mwingine, mahali fulani, aliyeiandika sawasawa: askari, dereva wa tingatinga, mwandishi wa habari, yeyote. Angemkuta mtu huyo, yeye asingehitaji kusema. Alitafuta wiki nane katika vitabu vyote vya somo lile, usomaji wa lazima na wa hiari, na alipofika alijikuta yeye mwenyewe.

Nilimpa mashauri, na mashauri yenyewe yalikuwa mabaya. Nilimwambia asimwambie baba kwanza, aandike insha ya pili juu ya jambo hilo, mhadhiri arekebishe, na baba apate karatasi yake ya kweli. Uongo ungekuwa umetangulia ukweli kwa wiki chache tu, nani angejua? Shangazi aliniamini kwa sababu mimi ni mtu wa karatasi.

Aliandika insha ile kwa siku kumi. Niliisoma. Haikuwa na makuu: siku, saa, kengele, nafasi nane, herufi nne zilizokosa mahali pa kukaa. Mwishoni aliandika kwamba mpiga chapa wa barua iliyotajwa katika tanbihi ya 41 ndiye mwandishi wa insha hii, na kwamba anaomba neno lirekebishwe.

Jibu lilikuja baada ya wiki moja, kwa wino mwekundu wa kompyuta. Bwana Kifua alisema insha inagusa hisia na lugha yake ni safi. Alisema hata hivyo madai makuu hayana chanzo. Pembeni mwa sentensi ya mwisho aliandika: "Chanzo?" Shangazi alimwandikia palepale, kwa vile vidole vyake vya kasi, "Chanzo ni mimi." Akajibiwa kwa adabu nyingi kwamba kumbukumbu za mtu binafsi hubadilika kadiri miaka inavyopita, kwamba waraka ulioandikwa wakati wa tukio hupewa uzito zaidi, na kwamba waraka uliopo unasema wamehama. Alama kumi na moja kati ya ishirini.

"Kila mwandishi ana bosi," alisema shangazi, akafunga daftari. Nilitaka kuingia ndani ya kompyuta ile nimshike kijana yule kifua chake chote. Wiki chache nyuma alikuwa akifundisha watu wasiamini barua za ofisi, na leo mwenye barua amekuja kwa miguu yake mwenyewe, anaambiwa alete barua.

Wakati huo baba hakuwa na habari ya lolote. Baba alikuwa mtu mpya. Alikuwa akipiga mluzi bafuni. Siku ya Jumatano alikuja hadi dukani kwangu akitumia fimbo, akasimama mbele ya mashine.

"Nitolee ule ukurasa wa Mtaa wa Chini. Karatasi nzuri, siyo hizi nyepesi."

Ningeweza kumwambia pale pale. Ningeweza pia kuongeza zile herufi nne mwenyewe kwenye kompyuta, kazi ya dakika moja, na nakiri kwamba nilifikiria. Badala yake nilimpiga chenga. Nilisema mashine imekwama, arudi kesho.

"Haidhuru," alisema baba, "nitakwenda kwa yule wa pale kona." Na akaenda. Yule wa pale kona alilijua somo lile, watoto wake walilisoma, na mashine yake ilikuwa nzima.

Yaliyotokea kwa kinyozi nilielezwa na kinyozi mwenyewe. Baba aliketi kunyolewa ndevu, akapakwa povu, na akiwa na povu akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati, akaikunjua, akamnyooshea Bwana Karatasi. Bwana Karatasi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasoma kwa sauti ya mahakama. Alipofika pale akasimama, akasoma tena.

"Walihama ili kupisha ujenzi," alisema. "Mzee mwenzangu, kumbe mlikuwa wastaarabu kiasi hiki! Mlipisha!"

Wazee walicheka. Baba alisema, "Soma vizuri." Bwana Karatasi akasoma silabi moja moja, wa, li, ha, ma, na kinyozi aliyekuwa na wembe mkononi alichungulia akasema ni kweli mzee, ndivyo palivyo. Baba aliinuka na shuka la kinyozi shingoni. Alitoka hivyo hivyo, upande mmoja wa kidevu umenyolewa na mwingine una povu, akivuka barabara na fimbo yake.

Mimi na shangazi tulikuwa sebuleni alipoingia. Povu lilikuwa limekauka. Aliweka karatasi mbele ya shangazi, juu ya kompyuta.

"Nisomee."

Shangazi alinitazama. Angeweza kuzitia tena zile herufi nne, baba asingeona. Lakini alivaa miwani akasoma, "'Wakazi wa maeneo ya bondeni walihama ili kupisha ujenzi wa maghala.'"

"Siku ile ulisoma nini?"

"Nilisoma ilivyokuwa, kaka."

"Na hapa pameandikwa nini?"

"Pameandikwa nilivyoandika."

Baba hakuelewa. Shangazi akamweleza yote, kuanzia Jumatatu ile mpaka alama kumi na moja, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Nilijaribu kuingilia nimtetee, baba akaninyooshea fimbo. Alipomaliza, baba aliuliza jambo moja tu.

"Baba alipokuja pale kaunta, ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Baba alifuta povu kwa kona ya shuka la watu. Akaenda chumbani kwake akafunga mlango, na siku kadhaa alikula huko huko.

Nilidhani yatapita. Ni ndugu, wamebaki wawili, nani atawazika? Nilimkasirikia shangazi kwa miaka thelathini na minane ya kunyamaza, kisha nikamkasirikia baba kwa kuwa alikuwa amepata kile alichokitafuta maisha yake yote, shahidi mwenyewe, mwenye mikono iliyofanya kitendo, ameketi mezani pake, na hakumtaka. Alitaka karatasi. Walikuwa wakiugua ugonjwa mmoja, yeye na Bwana Kifua, na sikuweza kumwambia hivyo kwa sababu ni baba yangu.

Wiki ya kumi na nne shangazi alifanya mtihani wa mwisho na kufaulu. Cheti kilikuja kwenye kompyuta. Nilikitoa dukani kwenye karatasi nzito, na ile mashine yangu iliyodaiwa kukwama haikusumbua hata kidogo. Siku ileile niliangalia ukurasa wa Ukuaji wa Miji. Sentensi ilikuwa palepale. Chini, kwenye tanbihi ya 41, ilikuwa imeongezwa nyingine fupi: "Yapo pia maelezo ambayo hayajathibitishwa." Hivyo ndivyo shangazi yangu alivyoingia katika historia, mara mbili katika tanbihi moja, mara ya kwanza kwa herufi mbili ndogo na mara ya pili bila jina.

Nilipofika nyumbani na cheti, baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha shangazi. Hakupandisha sauti.

"Chumba hiki nakihitaji," alimwambia. "Mpaka Jumamosi saa sita."

Nilisema, "Baba, aende wapi? Ana wapi pa kwenda?" Shangazi aliniambia niache. Alisema saa sita inamtosha, vitu vyake si vingi, na hakuna kilicho kipana kuliko mlango. Alijaribu kucheka aliposema hivyo.

Jumamosi nilimbebea sanduku na daftari lake la historia. Alipata chumba upande wa pili wa mji, kwa mjane aliyewahi kufanya naye kazi, chenye dirisha linalotazama ukuta. Kompyuta alikataa kuichukua. Cheti alikiweka chini ya godoro, ambako watu huweka vitu wasivyotaka kuvitazama wala kuvitupa. Nilimwambia nitakuwa nakuja kila Jumapili, akasema nisimwache baba peke yake.

Jumatatu asubuhi nilikuwa naanika nguo uani. Baba ameketi kizingitini, uso ameuelekeza kwenye jua. Jirani yetu, mama wa nyumba ya pili ambaye alizoea kuja kuandikiwa barua za familia yake na shangazi, alisimama kwenye uzio akasalimia, akauliza, "Jamani, yule dada yako tangu juzi simwoni. Yuko wapi?"

"Amehama," alisema baba.

Jirani alisema, "Loo, bila hata kuaga!" akamtakia heri huko alikokwenda, akashika njia yake. Baba aligeuza uso kidogo upande wangu, kama anayesubiri. Nilikuwa na shati lake lililolowa mkononi na vibanio viwili mdomoni. Nililianika shati, nikabana huku na huku, nikachukua nguo nyingine.